Tela Isiyobinuka

Kwanza nieleze tela yetu, maana watu wengi wakisikia tela wanafikiria ile inayojiinua upande mmoja na kumwaga mzigo, dereva akiwa amekaa kitini anakuna kidevu. Yetu haina mambo hayo. Ni fremu ya chuma, sakafu ya mbao, mbao nne za pembeni, magurudumu mawili na mkono wa kuifungia kwenye trekta. Ukiipakia kokoto, kokoto zinakaa palepale mpaka mtu apande azishushe. Mtu huyo alikuwa mimi. Miaka kumi na tisa alikuwa mimi, ndiyo maana kule machimboni wananiita Mzee Beleshi, hata wale walionizidi umri.

Watu wanadhani kushusha kokoto ni nguvu. Nguvu ni za ng'ombe. Kokoto si mchanga. Ukichoma beleshi katikati ya rundo linagonga na kurudi, unaumiza kiwiko bure. Unafungua ubao wa nyuma kwanza, zinazotaka kuanguka zianguke zenyewe. Kisha unatafuta sakafu. Ukishaifikia sakafu ya tela umeshinda, kwa sababu beleshi linateleza juu ya mbao na kokoto zinajiingiza. Wale wanaoanzia juu kwenda chini ndio unaowasikia jioni wanaulalamikia mgongo. Mimi nilikuwa namaliza tela nzima kabla injini ya trekta haijapoa, na sisemi hivi kwa kujisifu. Haya, kidogo ninajisifu.

Trekta anaendesha binti yangu, mtoto pekee niliyejaliwa. Machimboni wanamwita Kamanda, kwa sababu akisema rudi nyuma, hata madereva wa malori makubwa wanarudi. Mama yake alituacha mtoto akiwa na miaka saba, akaenda na dereva wa tipa. Sipendi kulieleza sana jambo hili. Nitasema tu kwamba yule bwana alikuwa akivuta kishikio kimoja, mzigo wote unamwagika, halafu anabaki na muda mwingi wa kupiga soga na wake za watu, wakati mimi niko juu ya tela natoka jasho. Tangu hapo mzigo unaojishusha wenyewe siupendi.

Mtoto nikamlea kazini. Akitoka shule ananifuata, anakaa kwenye kiti cha trekta na kitabu chake, anasoma kwa sauti na mimi napakua. Kuna mambo ya figo na ini nayajua mpaka leo kwa sababu yeye alikuwa na mtihani. Alipofikisha miaka kumi na minane alikuwa anaijua trekta kuliko yule aliyekuwa akiiendesha, na mwenye trekta alipochoka na biashara akatuachia sisi. Ikawa yeye mbele, mimi nyuma. Wateja walituagiza kwa jina moja: waleteni Kamanda na baba yake. Nikigonga ubao wa pembeni mara mbili kwa mpini, anasogea kidogo. Nikigonga mara moja, anasimama. Tulikuwa tunashinda hivyo tangu asubuhi bila kusemezana, na kama kuna furaha nyingine hapa duniani mimi sikuitafuta.

Kisha akaja mtu wa tatu.

Ni fundi wa kuchomelea, karakana yake iko nyuma ya kituo cha mafuta, na wenzake wanamwita Cheche. Tulimpelekea mkono wa tela uliokuwa umepata ufa. Akauchomelea vizuri, nikamsifu kwa mdomo wangu mwenyewe, jambo ninalolijutia. Maana baada ya hapo tela ilianza kuharibika kila wiki. Leo bawaba, kesho komeo. Tela iliyonitumikia miaka yote ile bila hata kukohoa, ghafla ikawa mgonjwa wa kudumu, na Kamanda ndiye wa kuipeleka hospitali. Mimi si mtoto mdogo. Mwaka haukuisha walikuwa wameoana, na Cheche amehamia kwetu, chumba cha pili, ukuta mmoja na changu.

Sikuwa na la kumsema, na hilo ndilo lililoniudhi. Angekuwa mlevi ningepumua. Anaamka mapema, ananiamkia kwa heshima, anafua nguo zake mwenyewe, akila anashukuru. Lakini zile habari za siku ambazo Kamanda alikuwa akinisimulia mimi jioni, sasa anamsimulia yeye. Hata yale yaliyotupata sisi wawili tukiwa pamoja, anayasimulia mezani mimi nimekaa hapohapo kama kabati. Mbuzi aliyepanda kwenye tela yetu nilimwona mimi, nilimshusha mimi, nilipigwa pembe mimi. Bado ilibidi nikae nisikilize anaelezwa mtu ambaye hakuwepo, na mtu huyo anacheka mahali palepale nilipocheka mimi. Niliona wivu. Silizungushi neno. Ulikuwa wivu wa kumnyima mtu usingizi, na waliosema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, hawakukosea, kwa sababu mkanda wangu wa suruali ulihamia tundu la ndani. Kuna usiku niliwasikia ukutani wakibishana kwa sauti za chini. Sikuelewa wanabishania nini. Mungu anisamehe, siku hiyo nililala fofofo.

Halafu likaja shuka.

Jumamosi moja Cheche alirudi kutoka karakana na kitu kizito amekikunja begani. Kilikuwa wavu wa chuma, juu yake ameshonea turubai nene, mbele ameweka bomba la upana wa tela, na kwenye bomba minyororo miwili iliyoungana mwishoni kwenye kulabu moja. Akakitandika kwenye tela tupu, akakanyagakanyaga pembe zikae sawa.

"Baba, hii ni ya kukupunguzia kazi," akaniambia. "Tunaitandika kabla ya kupakia, kokoto zinakaa juu yake. Bomba linabaki huku mbele, minyororo inapita juu ya mzigo mpaka nyuma. Tukifika tunafunga kulabu kwenye kitu kisichong'oka, kisiki, nguzo, chochote. Kamanda anaondoa trekta polepole. Tela inakwenda, mzigo unabaki."

"Na mimi?"

"Wewe unafunga kulabu."

"Basi?"

"Na kuifungua, Baba."

Nilimtazama binti yangu, nikitegemea aseme neno. Alikuwa ameshika mnyororo anaupima kwa mkono, anaona kama utafika.

Wenyewe wakakiita shuka. Niliwaambia kokoto zimepata shuka jipya na mimi langu lina viraka. Kesho yake Kamanda akaninunulia shuka, la maua. Ama hakuelewa utani, ama alielewa vizuri sana.

Siku ya kwanza lilifanya kazi, sitadanganya. Nilifunga kulabu kwenye shina la mti uliokatwa, Kamanda akasogea. Bomba likainuka, likarudi nyuma juu ya mzigo, turubai ikazikunja kokoto zote kwa pamoja na kuzibwaga chini kwa kishindo. Nilikuwa bado sijameza mate. Waashi waliokuwa jirani wakapiga makofi, mmoja akamshika Cheche mkono. Mimi nilibaki na beleshi langu nasawazisha mahali palipokuwa sawa tayari. Mwashi mmoja akaniambia, "Mzee, sasa utanenepa." Nikamjibu kwamba yeye aangalie ukuta wake umepinda. Haukuwa umepinda.

Wiki tatu zikapita hivyo. Nilikuwa napanda kwenye tela asubuhi, nashuka, nafunga kulabu, nafungua kulabu, napanda tena. Hata mfuko wa mchele unapandishwa na kushushwa, hauitwi mfanyakazi. Kisha Jumatatu moja, tunakunywa chai, Kamanda akaniambia bila kunitazama usoni: "Baba, hizi safari za karibu unaweza kupumzika nyumbani. Cheche akiwa hana kazi atanifungia kulabu."

Cheche akainamia kikombe chake. Nikasema nitafikiri. Nikaenda kukaa chumbani kwangu, kwenye lile shuka la maua, na nikafikiri kweli. Kila mtu ana mahali pake pa kusimama karibu na mtoto wake. Wengine wana mashamba ya kuwarithisha, wengine wana hekima, wengine wana pesa. Mimi nilikuwa na nyuma ya tela. Nikiondoka pale, nitakuwa mzee anayengoja nyumbani kuulizwa kama amekula. Na mtu aliyekuwa ananiondoa alikuwa ananiita Baba. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaamua shuka lile lazima liaibike, mara moja tu, mbele ya mteja, ili Kamanda aone kwamba chuma ni chuma na mtu ni mtu.

Nafasi ilikuja Alhamisi. Mteja alikuwa muuguzi mstaafu, mama mmoja mpole, anajenga uzio. Kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika karakana, Cheche alikuja nasi. Trekta haikuweza kuingia ndani, kwa hiyo mama akatuonyesha tumwage nje, kando ya geti. Kamanda akarudisha tela nyuma mpaka ikakaribia nguzo ya geti, mimi nikashuka na kulabu mkononi.

Kushoto, hatua kama tatu, kulikuwa na kisiki cha mkaratusi, kinene, mizizi imeshika ardhi kwelikweli. Nilikiendea. Nikakishika. Kisha nikaitazama ile nguzo ya geti. Ilikuwa imejengwa jana, au juzi ukiionea huruma. Udongo wa saruji kati ya matofali ulikuwa bado na rangi ya unyevu, na geti la chuma limeshaning'inizwa juu yake kwa haraka ya mwenye nyumba. Nguzo mbichi naijua kwa harufu. Hesabu yangu ilikuwa hivi: itayumba, kokoto zitakwama katikati, shuka litasokoteka, na mtu ataniambia Mzee, chukua beleshi lako. Nikarudi, nikazungusha mnyororo kwenye nguzo, nikaingiza kulabu.

"Iko tayari?" Cheche akauliza.

"Iko tayari."

Hakwenda kukagua. Alikuwa ameniamini. Akasimama kando ya nguzo, mahali anaposimama siku zote ili aone bomba linavyorudi, akampungia Kamanda mkono.

Trekta ikavuta. Bomba likainuka, mzigo ukaanza kutembea, nusu ya kokoto ikashuka. Kisha nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayevunja kuni ndani ya nyumba ya jirani. Nguzo haikuyumba. Ilikuja yote, kutoka chini, na geti likaja nalo. Nilimwona Cheche akiruka. Vumbi likafunika kila kitu, na katika vumbi lile nilijua ni kitu gani nilichofanya, kwa sababu sikuliwaza shuka wala tela. Niliita jina lake, lile alilopewa na mama yake, ambalo sikuwahi kulitumia.

"Nipo," akasema.

Alikuwa amekaa chini, upande wa pili, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Kiatu kilikuwa chini ya matofali. Kamanda alishuka kwenye trekta mbio, akampapasa kichwa, mabega, magoti, akakaa naye hapo chini. Mama mwenye nyumba akatoka ameshika mdomo. Kabla sijafungua wangu, Cheche akasimama na mguu wake mtupu.

"Mama, tusamehe," akasema. "Kosa ni langu. Kifaa ni changu, ilitakiwa nikague nguzo kabla. Kesho asubuhi tutakuja kuijenga upya, mimi na Mzee."

Wala hakuwa ananifichia. Ningejua. Aliamini kabisa kwamba kosa ni lake. Mimi nikajifanya naikagua minyororo, na sijawahi kufanya kazi ya aibu kuliko ile.

Nusu ya mzigo ilikuwa bado kwenye tela na shuka limesokoteka, sawa kabisa na nilivyotaka. Nikachukua beleshi. Nikaitafuta sakafu, nikaipata, na nikiri kwamba kwa dakika chache, pamoja na yote yaliyotokea, mikono yangu ilifurahi. Ng'ombe hazeeki maini. Lakini ng'ombe naye ana mapafu, na yangu yakaanza kudai. Nikashika ubao nipumue. Kamanda akapanda na beleshi la pili, akaanza kupakua upande wangu. Cheche alikuwa kule getini anamsaidia mama kutenga matofali mazima na yaliyovunjika.

"Nilikuona," Kamanda akasema. Hakuinua macho wala hakuacha kupakua.

"Uliona nini?"

"Kwenye kioo. Ulifika kwenye kisiki, ukakishika. Halafu ukarudi kwenye nguzo."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na uongo wa kutosha kooni. Lakini hasira ikautangulia.

"Mume wako anataka kunitoa hapa," nikasema. "Alinikuta na mtoto mmoja na kazi moja. Mtoto kamchukua, nikanyamaza. Sasa ameifuata na kazi."

Akasimamisha beleshi.

"Shuka si wazo lake, Baba. Ni langu."

Nikadhani anamtetea. Akaona ninachodhani, akanisogelea.

"Miezi sita nilikuwa namwomba alitengeneze. Nakuona kwenye kioo kila siku unashika ubao hivyo, unavuta pumzi, unadhani mimi natazama mbele. Nilimwambia atafute njia ya kukushusha kwenye hii tela kabla hujaanguka nayo. Akakataa. Kila siku anakataa. Anasema Mzee atajiona tumemtupa, mwache apakue mpaka aseme mwenyewe amechoka. Tuligombana kwa ajili yako. Mwisho nikamwambia hutaki, nitampelekea fundi mwingine. Ndipo akalitengeneza. Na ile habari ya upumzike nyumbani nilikuambia mimi. Yeye hakupenda, hukumwona alivyoinamia chai?"

Nilikuwa nimemwona. Nilidhani anaficha furaha.

Nikakumbuka sauti zile za ukutani na usingizi niliolala. Nikamtazama Cheche kule getini, kiatu kimoja, anapangusa tofali kwa kiganja ili mama asipate hasara ya tofali moja zaidi. Wivu wangu wote, miezi yote ile, nilikuwa nimeupeleka kwa mtu ambaye hakuhusika. Aliyetaka kunishusha alikuwa yule niliyekuwa namng'ang'ania. Nilitamani nimkasirikie yeye, nikakuta siwezi, na hasira isiyo na pa kwenda ni mzigo mbaya.

"Utamwambia?" nikauliza.

"Mimi? Hapana. Hilo ni lako." Akachoma beleshi kwenye kokoto. "Lakini mimi nimeolewa naye, Baba. Na alikuwa amesimama pale."

Tukamaliza tela.

Kesho yake asubuhi tulikuwa wawili tu, mimi na mkwe wangu, mbele ya shimo la nguzo. Kamanda alitushusha na saruji, akaenda zake. Mimi nilikoroga, yeye akajenga. Kwenye matofali hana utaalamu, anayapanga kwa wasiwasi, anarudi nyuma kila mara kutazama kama yamenyooka. Alikuwa amevaa viatu vya kazini, vile vyenye matundu ya moto. Mara mbili aliniambia nipumzike, nimwachie yeye mkorogo wa tatu. Nilivumilia mpaka mstari wa nne, nikaona nikingoja wa tano sitasema tena.

"Nilijua nguzo ni mbichi," nikasema.

Akadhani nazungumzia saruji. "Ndiyo maana leo tunaiacha ikauke wiki nzima, Baba."

"Ile ya jana. Kisiki nilikiona, nikakishika kwa mkono wangu. Nikaiacha nafasi nzuri nikafunga kwenye nguzo. Nilitaka shuka lako lishindwe mbele ya watu."

Akabaki ameshika mwiko, saruji inadondoka. Akakitazama kisiki kule kilipo. Akarudisha macho kwenye nguzo, kisha chini, kando ya nguzo, ambako vipande vya matofali vilikuwa vimechimba udongo.

"Mimi nilikuwa nimesimama hapa," akasema.

"Najua."

"Hapa, Baba." Akaonyesha kwa ncha ya mwiko, pale hasa, kana kwamba labda sijaelewa.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Tangu alfajiri nilikuwa nayapanga, samahani iko wapi, wivu uko wapi, nitaanza na lipi. Yote yalikauka. Hakuna namna ya kumweleza mtu kwamba ulimpenda sana mtoto wako ndiyo maana ukamwangushia mume wake geti. Nikasema tu kwamba nilimwonea wivu, na kwamba nilikosea mtu, na kwamba hata ningekuwa sikukosea mtu bado ningekuwa nimekosa. Sikumwomba aniambie si kitu.

Naye hakuniambia si kitu. Alinigeuzia mgongo, akatia saruji, akaisawazisha kwa ukingo wa mwiko kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Nilingoja aseme niondoke, na ningeondoka. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama, kiganja wazi.

"Lete tofali," akasema.

Nikampa. Nikampa na lingine, na lingine, mpaka nguzo ikafika kifuani.